Nje ya Mada

Miaka thelathini na moja nimefundisha Ufaransa
kwa daftari moja lenye jalada la bluu.
Sababu za Mapinduzi: sita.
Matokeo: saba, hilo la saba likiwa la ziada
kwa wanaoitamani A.
Italia niliiunganisha kila mwezi wa tano,
mvua ikitwanga mapaa ya Yombo,
nami nikipaza sauti juu ya mvua
kana kwamba wale wafalme wadogo wadogo
wangenisikia, waache ukaidi.

Sijafika Parisi. Sijafika Roma.
Nilifika dirishani mara moja, ubalozini, pale mjini,
nikaambiwa nirudi na taarifa za benki.
Nikarudi darasani.

Mwaka huu kaja Somoe Nguchi, mtoto wa Kivinje,
na pendekezo la utafiti, kurasa kumi na mbili.
Ufaransa, kaandika, haianzi Parisi.
Inaanza kwenye sukari:
nani aliilima, kwenye visiwa vya nani,
na wale waliopakiwa merikebuni pale kwetu Kilwa
majina yao yamo daftari gani.
Nikachukua kalamu nyekundu.
*Nje ya mada*, niliandika.
Nikapigia mstari, mara mbili.

Hakubisha. Alikaa tu, mkoba mapajani,
akanieleza kwamba siku hizi huko
wanasoma mashauri ya mahakama, ya msaga unga, ya mkunga;
wanahesabu pete za miti wajue baridi ya mwaka ule;
wanauliza mkate ulinukiaje wakati wa njaa.
Binti aliyegoma kuolewa kapewa sura nzima,
mfalme kabaki kwenye tanbihi.
"Na Waitalia?" nikauliza, na kejeli kidogo.
"Wanafungua makabati ya babu zao, Mwalimu.
Wanakuta picha za Asmara, za Mogadishu.
Babu kavaa kofia ya jua, anacheka.
Aliyesimama nyuma yake hana jina."

Ndipo akafunua ukurasa wa arobaini
wa makabrasha yangu mwenyewe,
yale yanayouzwa steshenari kwa Kimweri,
nakala ya nakala ya nakala:
bwana mkubwa wa Venisi na mkewe,
mfano wangu wa utajiri wa wafanyabiashara.
"Hili doa ni nini?"
Wino, nikasema. Mashine imezeeka.

Akatoa simu, kioo kimepasuka kona,
akaitafuta picha ileile, ya rangi,
akaitanua kwa vidole viwili.

Pale penye doa palikuwa na mtoto.
Mweusi, wa miaka tisa labda.
Kashika sinia la makomamanga,
hereni moja sikioni,
na macho hayamwangalii bwana, wala bibi.
Yanatuangalia sisi.

Miaka thelathini na moja.
Wanafunzi elfu ngapi wamemkunja mtoto yule,
wamemtia mkobani, wamemkalia,
wamemfungia vitumbua?

Sikuomba radhi. Sisi wa zamani hatukufundishwa.
Nilisema tu, "Niachie hizo karatasi,"
naye akaondoka bila kuufunga mlango vizuri.

Mtihani wa mwezi huu umeshapigwa chapa,
swali la kwanza ni lilelile, sababu sita, taja na ueleze.
Nimeteremka hadi kwa Kimweri na ukurasa wangu.
Nimemwambia, punguza wino.
Akapunguza. Bado doa.
Punguza tena.
Akanitazama kama mtu anayeharibu mali yake,
akapunguza.

Bwana mkubwa akafifia, lesi zake, pete zake,
uso ukawa karatasi tupu.
Na pembeni, polepole,
likatoka sinia kwanza,
kisha hereni.